Kura ya Kuwekeshwa

Kila mtu alimwita Karani, ingawa alipokuja kuishi jirani yetu alikuwa ameshafukuzwa ukarani. Alikuwa akikata tiketi kwenye stesheni moja upande wa Manyoni mpaka wafanyakazi wa reli walipogoma, naye akapanda juu ya mzani wa mizigo kuwahutubia wenzake. Mgomo ukaisha, wenzake wakarudi kazini, mzani ukarudi kupima mizigo, na yeye akarudi kwao Iramba, mwendo mfupi kutoka Misigiri. Alikuja na mke, watoto, sanduku la vitabu, koti la kazi na benchi.

Koti lilikuwa na historia yake. Vifungo vya shaba alivikata mwenyewe kabla hajaambiwa avirudishe, akashona vingine vya pembe ya ng'ombe alivyovichonga kwa kisu. Hakuna kilicholingana na kingine, wala kilicholingana na tundu lake, kwa hiyo koti lile halikufungika tena maisha yake yote. Asubuhi za kipupwe, upepo wa Iramba ukimpiga kifuani, alilishika kwa mkono mmoja na kuendelea kuzungumzia haki za wafanyakazi kwa mkono wa pili.

Benchi ndilo lililotushangaza zaidi. Lilitoka kwenye chumba cha kungojea treni cha daraja la pili, ambamo watu wa rangi yake waliingia kufagia tu. Stesheni ilipopata mabenchi mapya, la zamani likatupwa nje, naye akalipakia kwenye lori la mizigo mpaka kwetu. Lilikuwa refu, watu wanne wangekaa na kubaki na nafasi ya vikapu vyao. Karani alikaa peke yake, katikati. Mgeni alipewa kigoda. Mchungaji alipewa kigoda. Mzee Msengi, tajiri wa ng'ombe aliyeheshimiwa hata na jumbe, alipewa kigoda kilichochongwa vizuri zaidi, lakini kigoda. Aliyethubutu kuuliza alijibiwa kwamba yeye bado anafidia miaka aliyokatazwa kukaa pale, na akimaliza hesabu atatangaza.

Huyu ndiye mtu aliyetufundisha kwamba mali ni ya wote.

Nisieleweke vibaya, alitufundisha kweli. Chochote kilichopikwa kwake kililiwa na aliyekuwepo. Vitabu vyake alimwazima yeyote aliyejua kusoma, yaani mimi, na wale wasiojua aliwasomea jioni kwa Kiswahili alichokitafsiri papo hapo, akibadilisha viwanda kuwa mashamba ya mkonge na mabepari kuwa watu tuliowajua. Aliwaita watu wote ndugu, miaka mingi kabla neno hilo halijawa sare ya taifa. Alimwita jumbe ndugu, jambo ambalo jumbe hakulipenda. Alimwita mama mkwe wake ndugu, huku akisimama umbali ule ule ambao mila ilimtaka mkwe asimame. Lakini kijana akimpita bila shikamoo, usawa wa binadamu ulisimama kwanza mpaka kijana yule arudi na kusalimia ipasavyo.

Alisema haamini dini, kwamba imeletwa ili maskini wasubiri. Kila Jumapili, hata hivyo, alikuwa kwenye kwaya. Nilimuuliza. Akasema kwaya ilikuwa na sauti ya nne moja tu, ya mzee mwenye kifua, na si haki ndugu yule aachwe azame peke yake. Aliimba kwa nguvu zote maneno asiyoyaamini, na watu waliokuwa wakiyaamini waliomba asogezwe nyuma kidogo.

Shambani alikuwa msiba. Kwetu palizi hufanywa kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kundi zima kwa mstari mmoja, na mwenye shamba hutoa pombe au uji. Karani aliupenda mstari ule kuliko kitu chochote kilichoandikwa kwenye vitabu vyake. Alisema Wazungu wameandika majuzuu kuelezea kitu ambacho Mama Eliya, mkewe, anakifanya kila Januari akiwa na mtoto mgongoni. Lakini kwa kuwa ujana wake ulipita kwenye dirisha la tiketi, hakuweza kutofautisha mche mdogo wa uwele na majani. Alipopita yeye, vyote vililala. Wanawake walimweka katikati ya wawili hodari ili wamrekebishe bila kumwambia. Alifikiri amewekwa katikati kwa heshima.

Nimeanza na haya madogo kwa sababu kubwa lenyewe lilikuwa moja tu, na bila haya madogo lingesikika kama hotuba.

Ule ulikuwa uchaguzi wa kura tatu. Vijana wa sasa nikiwaeleza hudhani nawatania. Serikali ya Mwingereza ilikubali tupige kura, ila kwa masharti. Kwanza, si kila mtu. Ulitakiwa uwe na kipato fulani, au elimu fulani, au cheo. Pili, aliyepewa karatasi alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Akiacha mmoja, karatasi yote imeharibika. Chama chetu kilikuwa kimekaa na kubishana, kikaamua watu washiriki hivyo hivyo, wawachague Wahindi na Wazungu walio upande wetu, ili viti visichukuliwe bure na wapinzani.

Kijijini kwetu waliofaa walikuwa jumbe, kwa cheo chake, ambaye angepiga kama Bwana Shauri, mtawala Mzungu wa wilaya, apendavyo, na mwenye duka, kwa kipato chake, ambaye hakumwambia mtu lolote hata bei mpaka umeshafungua fundo la hela. Wa tatu alikuwa Karani, kwa shule aliyosoma. Mimi mwaka ule nilikuwa nyumbani nikisubiri matokeo ya mtihani, kazi ambayo niliifanya kwa bidii kubwa. Elimu ilinitosha, umri ukanikatalia. Kwa hiyo kura ambayo watu waliihesabu kuwa ya kwetu ilikuwa moja tu.

Karani akatangaza kwamba hapigi.

Alitangaza wakati wa kupura mtama uwanjani kwa Mzee Msengi, fimbo zikipanda na kushuka. Aliacha kupura, jambo ambalo halikupunguza kazi, akasema ameiona karatasi hiyo na hataishika. Yeye alifukuzwa kazi kwa sababu alikataa watu kugawanywa kwa madaraja, na sasa anaambiwa awagawe mwenyewe kwa kalamu yake, huyu mweusi, huyu mweupe, huyu wa katikati. Halafu watu wote waliopo uwanjani hawana kura, yeye anayo. Haki gani hiyo. Kukubali ni kuweka sahihi.

Kijana wa kwanza kuvutiwa nilikuwa mimi. Nilikuwa na umri wa kupenda sana kukataa.

Mzee Msengi aliegemea fimbo yake. "Kwa hiyo hutapiga."

"Sitapiga, ndugu. Nakataa kwa ajili yenu."

"Kwa ajili yetu," Mzee Msengi akarudia taratibu. "Nani kati yetu alikutuma?"

Ili mtu aelewe kilichofuata lazima ajue jinsi tunavyoishi na ng'ombe. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Huwawekesha kwa majirani. Aliyewekeshwa anakamua, watoto wanakunywa, samadi anaitia shambani, na baada ya muda hupewa ndama wake. Lakini ng'ombe si wake. Hamuuzi wala hamchinji bila kuuliza, na ng'ombe akifa, hupeleka ngozi kwa mwenyewe, aione, ajue hakuliwa kwa siri. Karani aliporudi kutoka reli akiwa na benchi na watoto wenye njaa, Mzee Msengi alimwekesha ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe shingoni. Ujirani wake ulianza na ng'ombe yule.

Basi Mzee Msengi akaeleza mawazo yake, na watu wakaacha kupura wamsikilize. Alisema serikali imeleta kura moja kijijini na kuifunga kwa Karani kwa sababu Karani alisoma. Na alisoma kwa nini? Kwa sababu mjomba wake aliuza dume, na dume lile lilikuwa limewekeshwa na baba yake Msengi, aliyeombwa akakubali. Kwa hiyo hata kusoma kwenyewe kulikuwa na wenyewe.

"Kura hii umewekeshwa, Karani," akasema. "Kama ni mgonjwa, tumeona kwamba ni mgonjwa. Lakini usimchinje bila kutuuliza."

Wakaulizana pale pale. Hakuna aliyenyoosha mkono, kwetu hatuhesabu mikono. Watu husema, huzunguka, hurudia, mpaka asiyekubali achoke au awachoshe wengine. Wanawake walisema karatasi ni mbaya lakini kukaa bila mtu wetu huko kwenye baraza la kutunga sheria ni kubaya zaidi. Wengine walisema chama kimeshaamua. Mzee mmoja alisema yeye hapendi kumpa Mzungu kura yoyote, kisha akasema apewe tu, mmoja, kama ndiyo ushuru wa kupita. Jua lilipogeuka walikuwa wamekubaliana. Karani apige, na apige zote tatu.

Karani alichukua koti lake akaondoka bila kungoja uji.

Alijiandikisha, hilo alilifanya, akisema kujiandikisha siyo kupiga. Miezi ikapita, mvua zikaja, palizi ikaanza, naye kwenye mstari hakuitikia nyimbo. Nyumbani alikuwa akipita na kupita mbele ya benchi lake bila kukaa. Najua kwa sababu nilikuwa mfuasi wake pekee, na nilipewa kigoda nimsikilize. Aliniambia alipokuwa juu ya mzani ule aliahidi hatatia alama kwenye kitu chochote kinachomgawa binadamu. Wenzake waliahidi naye. Wao walirudi kazini. Akiivunja ahadi ile, alisema, atakuwa alifukuzwa bure, na watoto wake walilala njaa bure. Nikamwambia ashikilie msimamo. Kumshauri mtu ashikilie msimamo hakugharimu kitu, na ndiyo sababu nilikuwa mkarimu.

Uchaguzi ulipobaki siku chache, asubuhi moja aliamka, akamfunga yule ng'ombe kamba, akampeleka kwa Mzee Msengi na kumfunga kwenye nguzo ya zizi. Alifikiri hivi, na kwa mtu wa vitabu ilikuwa fikra safi. Kama kinachonifunga kwa watu hawa ni ng'ombe, nikimrudisha nitakuwa huru, na mtu huru anaweza kukataa.

Mzee Msengi alitoka, akamtazama ng'ombe, akarudi ndani. Hakumfungua. Hakumkamua. Kumkamua kungekuwa kusema amempokea, na kumpokea kungekuwa kusema Karani si jirani tena. Hakutaka kulisema hilo yeye.

Kiwele cha ng'ombe kilikuwa kimejaa. Saa ya kukamuliwa ikapita, akaanza kulia. Alilia asubuhi nzima. Ndama wake, aliyeachwa kwa Karani, alimjibu kutoka upande wa pili wa bonde. Tulikuwa kwenye mstari wa palizi, na mstari ulikuwa kati yao, kwa hiyo tulilimia katikati ya mazungumzo yale. Msimamo wa Karani ulikuwa unalia, na kijiji kizima kilikuwa kinausikia.

Adhuhuri Mama Eliya aliweka jembe chini, akanyoosha mgongo, akamgeukia mumewe mbele ya watu.

"Ndugu," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo. "Umemrudisha ili uwe huru. Haya, uko huru. Nenda ukamweleze yule ng'ombe."

Wanawake wawili waliokuwa pembeni ya Karani walitazama sana majani waliyokuwa wakipalilia. Mimi, mfuasi wake, nilikuwa nyuma yao hatua chache, nikayatazama yangu.

Karani akaenda. Tuliacha kazi tukamfuata kwa mbali, kila mtu akijifanya ana shughuli upande ule. Alimkuta Mzee Msengi ameketi kwenye mlango wa zizi. Hakumsalimia. Aliomba kibuyu, akachuchumaa, akaanza kukamua. Alikamua vibaya, ng'ombe akavumilia. Bila kugeuza kichwa akauliza, "Mtu akiwekeshwa ng'ombe mgonjwa, anaruhusiwa kukataa?"

"Anaruhusiwa," Mzee Msengi akasema. "Siku ya kumpokea."

Karani akaendelea kukamua. Kibuyu kilipojaa alisimama, akakitazama, kisha akakikabidhi kwa Mzee Msengi, ambaye alikunywa kidogo na kukirudisha. Karani akamfungua ng'ombe na kumwongoza kurudi nyumbani, akitupita sisi wote tuliokuwa na shughuli.

Siku ya kura watu walimsindikiza mpaka bomani. Wangebaki nyumbani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na lake la kufanya huko, lakini walikwenda. Wanawake walibeba majembe kabisa ili wakirudi wapitilize shambani. Bwana Shauri kijana aliyesimamia chumba cha kura alimuuliza mkalimani wake kama wale ni wapiga kura. Mkalimani akauliza, akarudi kusema kwamba mpiga kura ni mmoja, wale wengine ni wenye kura. Sijui Kiingereza chake kilisemaje, lakini Mzungu aliandika kitu, akakifuta.

Karani aliingia akiwa amelishika koti lake kifuani. Hakukaa sana. Alipotoka alisimama kwenye ngazi, uso umemwiva kama mtu aliyetoka kuzika.

Mzee Msengi akamuuliza, "Ngozi?"

Hakuna aliyecheka. Karani akataja majina matatu, moja baada ya jingine, kwa sauti ile ile aliyoimbia kanisani. Mwafrika, Mhindi, Mzungu. Mzungu kijana akatoka mbio, na mkalimani akaeleza kwamba Bwana anasema kura ni siri, haruhusiwi kuitangaza, sheria inamlinda.

"Mwambie," Karani akasema, "ingekuwa yangu ningeificha. Hii nimewekeshwa." Akashuka ngazi moja. "Na mwambie nimeona haya kuishika ile karatasi. Hilo ndilo langu."

Mkalimani akatafsiri, nadhani nusu. Mzungu hakujua ni kifungu gani kimevunjwa. Mzee Msengi akatikisa kichwa kukubali, akasema ngozi wameiona, na watu wote wakageuka kwenda shambani. Karani alipangwa katikati ya wale wawili kama kawaida. Alilaza uwele mwingi siku ile, hakuna aliyemrekebisha mpaka alipotangulia mbele.

Jumapili iliyofuata sauti ya nne aliiimba yule mzee mwenye kifua, peke yake. Na iliyofuata. Ilichukua wiki kadhaa Karani kurudi, na aliporudi alisimama nyuma bila kuombwa. Watu walipomsifu kwa kura ile, na walimsifu, hasa uhuru ulipokaribia na kila mtu akagundua kwamba alikuwa mpigania uhuru tangu tumboni, aliwaambia wakamshukuru Msengi. Sikuwahi kumsikia akisema kwamba alifanya vizuri. Sikuwahi pia kumsikia akisema kwamba angefanya vingine.

Mimi nilikwenda mbali kusoma, nikapata maneno ya kutosha. Chuo kikuu niliandika insha ndefu juu ya msimamo na umma, nikamweka Karani kwenye aya ya pili kama mfano wa mtu aliyeyumba. Mhadhiri aliisifu sana. Imepotea, na sijaitafuta.

Nilimwona mara ya mwisho miaka mingi baadaye. Siku hizo kila mtu mzima alikuwa na kura yake, bila kipato wala cheo, na ilikuwa jioni ya siku ya kupiga kura. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa likizo, nikapiga asubuhi, nikaenda kumsalimu. Mzee Msengi alikuwa ameshafariki. Karani alikuwa haoni vizuri. Alikuwa amekaa katikati ya benchi lake, koti wazi, na kila aliyepita njiani alimwita na kumtangazia amempigia nani na kwa nini. Mjukuu wake, binti wa shule, alikuwa akimsihi, "Babu, ni siri. Tulifundishwa ni siri." Wapita njia walikuwa wakicheka na kuharakisha. Hakuna aliyemtajia wake.

Nikatoa shikamoo. Akanitambua kwa sauti, akanielekeza kwenye kigoda. Tulizungumza juu ya mvua, na juu ya ng'ombe, kwamba zizini kwake kulikuwa na vitukuu vya yule mwekundu, wengine wamewekeshwa kwa vijana wasiojua hata mwanzo wao. Kisha akauliza, "Na wewe umempigia nani?"

Nilikuwa na jibu la msomi. Nikamwambia kwa adabu kwamba sasa kura ni siri ya mtu na dhamiri yake.

Akalishika koti lake kifuani. "Basi wewe hukuwekeshwa na mtu," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesikitikia yatima.

Niliaga nikaondoka. Nilifika kwenye kona ambapo njia inashuka bondeni, mahali tulipokuwa tukilima siku ile ng'ombe akilia upande mmoja na ndama upande wa pili. Karo yangu ya shule ilitoka kwa baba, na kwa baba ilitoka kwa kaka zake wawili, na ndama mmoja alitoka kwa Msengi mwenyewe. Nilikuwa nikilijua hilo siku zote, kama mtu anavyojua jina la babu yake wa tatu, bila kulitumia.

Nikarudi. Nikasimama mbele yake nikamtajia jina, na sababu zangu, kwa sauti ya kutosha, na mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akasimama kusikiliza.

Karani akasema nimechagua vibaya. Akasema nimechagua vibaya sana, kwamba kwa shule yote ile nilipaswa kuona, na kwamba sasa nimweleze vizuri ilikuwaje.

Kisha akasogea mpaka mwisho wa benchi.